Kisanduku cha Tisa

Meli iliingia Wilmington usiku wa kuamkia Jumatano
imebeba majokofu na viatu vya watoto.
Ikafungwa kamba nne mbele, nne nyuma,
mabaharia wakaenda kulala.
Injini haikulala.

Tavita Leiataua alikuja na kebo begani,
nene kama paja lake, na paja lake si haba.
Akachomeka plagi, ikakataa.
Akaifuta kwa shati, akachomeka tena,
akaitukana kwa Kisamoa, polepole, kama anayesali.
Pini za meli zilikuwa za miaka ile,
tundu za gati ni za mwaka huu.
Basi umeme ukabaki nchi kavu
na dohani ikaendelea na kazi yake
saa arobaini na moja.

Mimi ni karani wa saa hizo.
Moshi wenyewe siujui, moshi ni wa mafundi;
mimi najua fomu.
Sheria yetu ina huruma: ukishindwa kuuzuia, ulipie.
Saa mara bei, chini mstari, chini sahihi,
hundi inakwenda kwenye Mfuko
na meli inakwenda zake, nyeupe, haina deni.

Neno lenyewe ni fidia. Nimelitafuna miaka sita.
Fidia humkomboa mateka:
mali inatoka, mtu anarudi nyumbani.
Ijumaa hundi ilipotoka
nilichungulia dirishani.
Sikuona mtu anarudi.

Mtaa wa pili kutoka kwenye uzio
anakaa Eulalia Barragán, mshona mapazia.
Kila asubuhi hupitisha kitambaa cheupe
kwenye ukingo wa dirisha la chumba anacholala mjukuu,
mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia.
Hakifui.
Anaandika tarehe kwa penseli, anakibana kambani
pamoja na vya jana na juzi.
Ukipita kwa gari utadhani ni nepi
za mtoto asiyekua.

Alivileta kwenye kikao.
Akavitandaza mezani, katikati ya chupa za maji,
kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kiganja
kama anayemwonyesha mteja kitambaa cha kuchagua.
Kile cha Jumatano. Kile cha Alhamisi,
ambacho hata mwenyekiti alisogeza kikombe chake.

Wakamwambia, kwa upole kabisa,
kwamba Mfuko haulali:
umepanda jakaranda mia mbili
kule juu kilimani, kwenye bustani mpya,
ambako meli zinaonekana vizuri sana.
Upepo haukuulizwa unakwenda wapi.

Eulalia akasikiliza mpaka mkalimani akamaliza.
Akasema: "Mwenye meli amepewa risiti?"
Wakasema ndiyo, bila shaka.
"Naomba na yangu."
Wakatazamana.
"Nicanor hulala amekaa. Mgongo ukutani.
Pampu ya pumu iko chini ya mto,
na mimi niko chini ya kitanda chake, kwenye godoro,
nahesabu anavyopumua.
Nami nimelipia hizo saa arobaini na moja.
Naomba risiti."

Dakika za kikao zinasema: *hoja imepokelewa.*
Nilizipiga chapa mimi.

Leo imeingia nyingine. Tavita amenitumia ujumbe,
neno moja: *Imekataa.*
Nimefungua fomu.
Kisanduku cha nane: jina la chombo.
Kisanduku cha tisa: *kiasi ambacho hakikuzuiwa.*
Mkono ukaandika kabla sijauruhusu:
Nicanor Barragán, miaka saba.
Kompyuta ikaguna, ikaweka wekundu pembeni:
*sehemu hii hupokea tarakimu tu.*

Nikafuta jina. Nikafuta ukoo.
Nikafuta neno miaka.
Ikabaki 7.

Ikakubali.
Ikazidisha, ikanipa jumla,
ikaniuliza kama nataka kuchapisha.